Kipande cha Saba

Taa ya kipande cha saba cha reli iliwaka nyekundu. Gisbert Dornseif akaiangalia kama mtu anayeangalia mende.

"Nani kafunga nyaya hizi?"

"Mimi," alisema Roswitha, mwanachama mpya wa klabu ya treni ndogo za mfano, miezi mitatu tu tangu ahamie mji ule wa Ujerumani. "Chochote kinachokula umeme kikikaa kwenye reli, taa inawaka. Kuna kitu humo handakini."

"Mama, hii si cherehani."

Wazee wa klabu walicheka, midomo imejaa keki. Kwa miaka thelathini na moja Gisbert alikuwa ameongoza treni za kweli kutoka chumba cha ishara, na hakuna aliyethubutu kumkosoa.

"Kompyuta imezuia treni yako," Roswitha alisema. "Si uchungulie kwanza?"

"Nichungulie! Niiname mimi kwa ajili ya waya ulioshikizwa na mwanamke wa jikoni? Unyevu kidogo tu, taa hizi zinadanganya. Ukizitii zote, hufikishi treni hata moja."

Akabonyeza kitufe cha kuipuuza taa. Treni yake ya mabehewa sita ikaingia handakini kwa mbwembwe. Kishindo kikasikika. Roswitha akaingiza mkono, akatoa injini iliyopinda na behewa lenye taa ndogo ndani, lililokatika kutoka treni iliyotangulia.

Gisbert hakuona haya hata chembe. "Bahati mbaya tu. Mara tisa kati ya kumi zinadanganya."

"Na kazini ulikuwa unafanya hivi hivi?"

"Sasa nifanyeje, nikae nisali? Kazi inataka wanaume, mama, haitaki waoga. Hata asubuhi ile ya ukungu taa ilikuwa nyekundu, nikampa dereva ruhusa apite, na..."

Mwenyekiti wa klabu akaweka uma chini.

Ajali ya asubuhi ile kila mmoja pale aliisoma magazetini. Watu kumi na mmoja walikufa. Mahakamani Gisbert aliapa kwamba hakutoa ruhusa yoyote, na dereva, ambaye naye alikufa, akabebeshwa lawama zote.

"Nilikuwa natania," Gisbert alisema.

Roswitha alifuta mikono taratibu kwa kitambaa.

"Yule dereva alikuwa mume wangu," alisema. "Endelea, Bwana Dornseif. Safari hii mashahidi wapo."