Sindano ya Saumu

Saumu, mtoto wa darasa la nne, aliikataa sindano ya kila mwezi. Homa ya baridi yabisi ilikuwa imepoa na magoti hayakuvimba tena.

Daktari Mbeyu akamvalisha masikioni kifaa cha kusikilizia moyo, ausikie wake mwenyewe. "Ulipougua koo, mwili ulituma protini ndogo, kama wajumbe, kuwaita askari wake. Wadudu wa ugonjwa waliisha, lakini wajumbe hawakunyamaza. Askari wakaudhania moyo wako ni adui, wakaushambulia."

"Wakiitwa tena?"

"Watauumiza zaidi. Sindano inazuia wadudu wasirudi, wajumbe wasitumwe."

Saumu alisikiliza. Moyo ulidunda, ukavuma kidogo pale ulipoumizwa, ukadunda.

Mama yake akasogea amshike.

"Niache, mama. Naweza."

Akapanda kitandani, akalala kifudifudi kungoja sindano na kuanza kuimba kwa sauti.