Mkono wa Bi Namkunda

Daktari alimweleza Mwantumu yote kabla ya kumpunguza tumbo kwa kukata ngozi iliyolegea: atatembea amejikunja kama mwenye kichomi, atavaa mkanda wa kubana usiku na mchana, na asinyanyue mtoto mpaka mshono upone. Kuhusu ngozi hapakuwa na mjadala. Enzi hizo ngozi iliyokatwa haikutupwa. Ilibandikwa kwa mtu aliyeungua, naye akipata nafuu alikwenda kumshukuru aliyempa.

Jambo moja daktari hakulijua. Zuwena, kitinda mimba wa Mwantumu, hakuwahi kulala bila kupapasa michirizi ya tumbo la mama yake. Sasa alikuta mkanda, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mgeni alifika alasiri na chapati za moto. Alikuwa Bi Namkunda, muuza chapati aliyemwagikiwa mafuta ya moto mkononi.

"Mwanangu, umenirudishia mkono," alisema, akapandisha mkono wa gauni. Michirizi ile ile ya tumbo la Mwantumu ilikuwa pale, kutoka kiwiko hadi kiganja.

Zuwena aliacha kulia. Akampanda mgeni mapajani, akaupapasa ule mkono taratibu, macho yakaanza kulegea.

"Jamani, kanipenda!" Bi Namkunda alicheka.

"Nipe nikamlaze," Mwantumu alisema, akinyoosha mikono.

"Wewe na mshono huo? Tulia, mwanangu, nimeshamshika."

Mwantumu akarudisha mikono, akaiweka juu ya mkanda.

"Mama," mtoto aliita usingizini.

"Abee, mwanangu," Mwantumu aliitika upesi.

Zuwena hakugeuka. Aliukumbatia ule mkono, akalala fofofo.