Kanga ya Kijani Uzioni

Kila Jumamosi, kabla ya kulenga makopo aliyoyapanga juu ya kichuguu shambani mwake, Kibwana alifunga kitambaa chekundu kwenye uzio. Jirani yake, Bi Sikudhani, akikiona aliwaingiza watu wake ndani, kisha akamjibu kwa kuanika kanga ya kijani. Hapo ndipo Kibwana alipojaza risasi.

Leo kitambaa kilipepea peke yake. Kibwana alikaa, akasimama, akatema mate, akakaa tena. Mashindano ya kulenga shabaha yalikuwa kesho, na jua lilikuwa linazidi kupanda.

"Amesahau tu, mama wa watu," alijisemea. Akajaza bunduki, akalenga kopo la mwisho, akabana pumzi. Jicho likamtoroka, likaenda uzioni. Hakuna kanga.

"Ah!" Alizitoa risasi zote, akazitia mfukoni, akaelekea uzioni amefura.

Bi Sikudhani alikuwa anakuja mbio, anahema, kanga ameishika mkononi.

"Shikamoo, Bi. Mbona leo umeniweka hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Ningeianikaje? Mjukuu wangu Tausi simwoni. Nimemtafuta mpaka chooni. Tangu juzi ananiuliza, yale makopo ya jirani yana nini ndani."

Kibwana aligeuka polepole, akakitazama kichuguu. Nyuma ya kopo la mwisho, lile alilokuwa amelilenga, kilichomoza kimkono kidogo, kikapapasa hewani, kikalishika.