Daftari la Bwana Fisi

Alikuwako Swala mtiifu mno, na wataalamu watatu wakaja kumfundisha kulima malisho. Korongo alipima majani, Fuko alionja udongo, Fisi aliandika matokeo.

“Usiyakate mpaka yakupite kimo, mama,” Fisi alimwambia.

Swala hakukata. Majani yakampita kimo, naye akanenepa.

Siku moja akaliokota daftari la Fisi katikati ya shamba. Ndani yake hamkuwa na habari za majani. Mlikuwa na uzito wa Digidigi, Pofu na Kongoni, majirani waliosemekana wamehama, na mwisho wa kila mmoja neno “Tayari.”

Akafunua ukurasa wake. Neno lilikuwa lile lile, na wino haujakauka.

Akainua shingo atazame nje, akaona majani tu. Hapakuwa na upepo, lakini yalikuwa yakitikisika.