Maoni ya Néhémie

"Ukungu wa asubuhi kwenye mchezo wako nimeupenda sana," Néhémie aliandika. "Cha kurekebisha ni kengele ya kanisa. Inalia mara nyingi mno. Ilipigwa mara mbili tu."

Émilienne aliiacha karatasi ya mteja ndani ya mashine ya fotokopi, akakaa. Nje, barabara ya mji wa Baraka ilikuwa imejaa pikipiki na bamama wenye mabeseni ya samaki wadogo wa ndagala.

Ilikuwa kweli. Mara mbili, kisha kimya. Alikuwa amesahau.

Mchezo wenyewe ulimchukua miezi minane, kwenye kompyuta ya kile kibanda cha fotokopi, kila wateja walipopungua. Ulikuwa mchezo mdogo wa kucheza kwenye telefone: msichana wa miaka kumi na mmoja anamshika mdogo wake mkono, wanatafuta njia ya kutoka kijijini kabla watu wenye bunduki hawajawafikia. Kijiji hakukipa jina. Alikichora tu, nyumba kwa nyumba, kama kilivyokuwa huko milimani nyuma ya Fizi, miaka kumi na miwili iliyopita, kabla hakijachomwa.

Akauweka kwenye kundi la watu wanaojitengenezea nyimbo na michezo bila kampuni yoyote nyuma yao. Desturi ya kundi ilikuwa moja: sifu kitu kimoja, kisha taja kimoja cha kurekebisha. Wengi walimtia moyo kwa "Courage!" wakapita. Guy, mpiga gitaa wa Uvira, alisema herufi ni ndogo. Néhémie peke yake ndiye aliyerudi, wiki baada ya wiki. Kwenye picha yake hapakuwa na uso, ni kilima tu.

Mbuzi wasiwe nje, alisema, maana mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nyumba zote ziwe za nyasi, bati libaki kwa kanisa tu. Ndilo lililoonekana kwanza. Njia ya mtoni ipinde kushoto.

Kila aliporekebisha, mchezo ulizidi kuwa mzuri. Na kila aliporekebisha alisikia harufu ya moshi mle kibandani, akainuka kuangalia kama mashine inaungua. Mashine ilikuwa baridi.

Jumapili, walipotoka kanisani, alimwambia Georgette, shangazi yake aliyemlea.

"Tantine, iko muntu mwenye anajua kule kwetu. Anajua yote."

Georgette alisimama katikati ya njia. "Nani? Si balisema hakubakia muntu?"

"Mudogo wangu Placide, maiti yake hawakuionaka."

"Émilienne, mama, usijichokoe kidonda." Kisha, kwa upole: "Mi sikukuulizaka hata siku moja. Na Placide muliachania wapi?"

"Ku mto," alisema Émilienne, kama alivyowaambia wote waliomuuliza tangu siku ile.

Haikuwa mtoni.

Jumatatu alimwandikia Néhémie: "Wewe ulikuwa upande gani wa kijiji?"

"Upande wa juu."

Upande wa juu zilikuwako nyumba mbili tu: ya katekista na ya kwao. Émilienne aliyasoma maneno yale matatu mpaka yakamchezacheza machoni. Placide alikuwa na miaka saba wakati ule. Sasa angekuwa kijana wa kumi na tisa, ana telefone yake, pengine yuko Lulimba kwenye machimbo, pengine amebadili jina kama wengi walivyobadili.

"Placide, ni we?"

Siku mbili hakujibiwa. Ya tatu, maneno yakaja: "Mchezo haujaisha. Msichana anafika kwenye migomba, halafu skrini inakuwa nyeusi. Alienda wapi? Malizia."

Lile lilimwingia kama mwiba. Nani mwingine angeuliza hivyo, kama si yule aliyeachwa?

Basi akamalizia. Alichora kile ambacho hakuwahi kumwambia binadamu yeyote. Kati ya migomba palikuwa na shimo la kuivishia ndizi, na shimo lilitosha mtoto mmoja. Msichana anauachia mkono wa mdogo wake. Anajitumbukiza, anajivutia majani makavu juu ya kichwa. Mdogo wake anabaki amesimama na shati lake la manjano, anamwita dada mara moja, kisha anakimbia. Mtu mwenye bunduki anakuja, anasimama juu ya shimo, anatazama chini.

Hapo mchezaji hatakiwi kufanya lolote. Akiigusa skrini, hata kidogo, majani yanatikisika na mtu anainama. Akitulia, majani yanatulia, mtu anapita.

Alilia alipokuwa akilichora lile shati. Alipoituma sehemu ile, aliongeza mstari mmoja: "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuachilia."

Jibu lilikuja Alhamisi mchana. Mteja alikuwa amesimama mbele yake na karatasi za shule za mtoto wake. Émilienne alimwomba angoje, akafungua telefone kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu cha kuvunjika.

Néhémie alikuwa amefuata desturi ya kundi.

"Migomba umeichora vizuri, na shimo liko palepale lilipokuwa. Iko kitu kimoja tu cha kurekebisha. Majani hayakutulia. Yalitikisika muda wote niliosimama pale."