Ukungu Kifuani mwa Mkurugenzi

"Ukungu huu hapa," daktari wa kwanza aligusa picha ya kifua kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. "Na hapa. Mapafu yote mawili. Hivi ni virusi, sina shaka."

Mkurugenzi wa hospitali, mwenye mapafu hayo, alisogeza kiti karibu na kioo. Kwa miaka kumi na miwili wafanyakazi walitetemeka wakisikia viatu vyake. Leo mwenye hofu alikuwa yeye.

Daktari wa moyo alikohoa kidogo. Kwa mtazamo wake hayo yalikuwa maji, moyo ndio umechoka. Wa tatu aliuliza kama nyumbani wanafuga ndege.

"Kasuku wa mke wangu."

"Basi ni kasuku."

Wa nne alisema sigara. Mkurugenzi hajavuta sigara tangu azaliwe, lakini daktari hakutetereka: basi ni za jirani. Kila mmoja aliuona kwenye ule ukungu ugonjwa aliousomea, na wote walikubaliana jambo moja tu, kwamba hali ni mbaya.

Jioni ile kasuku alihamishiwa kwa shemeji, akifoka njia nzima kwa sauti ya mwenye nyumba. Mkurugenzi alimwomba mkewe msamaha kwa makosa ambayo mkewe hata hakuyajua, jambo ambalo halikumsaidia. Asubuhi alikabidhi barua ya kuacha kazi pamoja na funguo za ofisi. Naibu wake alizipokea kwa machozi mengi na mikono isiyochelewa.

Lilibaki moja: kuchukua nakala ya picha akatibiwe ng'ambo. Aliteremka roho mkononi hadi chumba cha mashine ya picha, akasimama mlangoni kusubiri. Dada mpiga picha alikuwa anamhudumia bibi mmoja, akisema naye kwa kipaza sauti kupitia dirisha la kioo.

"Bibi yangu, vuta pumzi. Izuie hapo hapo. Usipumue, usiseme neno, mapafu yasije yakaonekana yana ukungu bure. Haya, pumua."

Mkurugenzi aliingia ndani.

"Mimi mbona hukuniambia hivyo?"

Dada alitazama sakafu. Kisha akakumbuka kwamba bosi sasa ni mwingine, akainua uso.

"Shikamoo, mzee. Wewe ulilala pale unatugombeza mwanzo hadi mwisho. Nani angekwambia unyamaze?"