Mara ya Pili Baharini

Siku hizo kila mtu aliruhusiwa kuingia baharini mara moja tu maishani. Maji ya chumvi yakikugusa, alama ya kijani iliyo chini ya ngozi ya mkono iligeuka nyekundu, na aliyethubutu kurudia alihamishiwa bara, asiione pwani tena.

Alama ya Mwanakombo ilikuwa nyekundu tangu uchanga. Mama yake alimchovya kabla hajaota hata jino, kwa hiyo bahari aliijua kwa kusimuliwa tu.

Jumapili moja alimleta bintiye, Tima, atumie zamu yake kwenye gati la Kidundu, lililofurika watu waliokuja kutazama maji kutoka nyuma ya kamba. Tima akateremka ngazi hadi mchangani, akasimama, akaangua kilio.

"Mama, siingii peke yangu!"

"Nenda mwanangu, nakuona hapa hapa."

"Kuniona hakutoshi!"

Mwanakombo akafunga leso yake kiunoni, akaivuka kamba.

"Wewe mama, mkono wako mwekundu! Rudi!" mlinzi wa gati akafoka.

"Zamu yangu aliitumia mama yangu. Hii naichukua mwenyewe," alimjibu bila kugeuka.

Akamshika Tima mkono wakaingia pamoja. Wimbi la kwanza likampiga kifuani, la baridi kuliko alivyowahi kuambiwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kutoka upande wa bandari ukasikika mngurumo wa boti la doria, na Tima akageuza shingo.

"Usiangalie huko," Mwanakombo akamwambia. "Wimbi linakuja. Ruka!"